Chumba Kilichozibika Mno

Mtaani walimwita Rohojuu, na mwenyewe alishazoea kuitika. Alikuwa fundi wa makochi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mnene kiasi, vidole vimekakamaa kwa miaka mingi ya kuvuta vitambaa na kuvibana kwa pini. Kwa kazi hakuwa na mshindani. Kochi likitoka mikononi mwake, mtoto angelirukia mpaka aote ndevu na lisibonyee. Ila woga wake sasa! Akitoka nyumbani alirudi mara mbili kushika kitasa. Mtu akichelewa dakika kumi, yeye tayari ameshamzika, ameshamlilia na ameshagawa nguo zake.

Haukuwa woga wa kuzaliwa nao. Akiwa na miaka tisa ndiye aliyegonga mlango wa bafu muda mrefu, akimwita baba yao atoke, na baba hakutoka. Jirani alipouvunja ule mlango, ilikuwa kazi bure. Tangu siku hiyo, mlango ukifungwa na nyuma yake kukawa kimya, yeye huinuka kwenda kuusukuma.

Walibaki wawili, yeye na mdogo wake wa kiume, ambaye alikuja kuwa daktari wa mifugo. Huyo alikuwa kinyume chake kabisa: mtu wa kucheka, mtu wa kesho tutaona. Mara mbili kwa mwaka alipanda na pikapu yake kwenye nyanda za juu kuchanja kondoo, siku kumi na mbili mfululizo, mahali ambapo hakuna nyumba ya wageni wala mtandao wa simu. Alilala kwenye kiti cha dereva, magoti kidevuni. Safari iliyopita alirudi na homa ya mapafu, akalazwa wiki mbili.

"Dada," alimwambia siku alipotoka hospitali, bado anakohoa, "nijengee chumba nyuma ya pikapu. Kitanda, sanduku la dawa, na baridi isiingie. Wewe ndiye unayejua kufunika vitu."

Rohojuu alikataa siku tatu. Aliona chumba kikipeperuka barabarani, aliona kitanda kikivunjika, aliona mengi. Siku ya nne akapima.

Kazi ilichukua wiki sita, uani kwake. Kiunzi kilitengenezwa na fundi wa kuchomea vyuma wa karakana ya jirani, mtu mrefu mwenye mdomo usiopumzika, ambaye kila mtu alimwita Cheche. Alisimamisha nguzo za chuma juu ya bodi la pikapu, akafunga bati kwa nje, akaweka mlango nyuma na dirisha moja la kioo lililotolewa kwenye basi chakavu. Ndani ilikuwa himaya ya Rohojuu. Kwanza alisugua kutu na kupaka rangi. Kisha akakata yale mabamba meupe ya povu gumu, yanayowekwa kwenye kuta za friji, akayapachika katikati ya nguzo moja baada ya jingine, na kila ufa akaujaza kwa povu la kopo linalofura kama unga uliotiwa hamira. Juu yake nailoni nzito ya kuzuia unyevu, viungo vyote vikibandikwa utepe wa kung'aa. Juu ya nailoni mbao nyembamba, na juu ya mbao kitambaa kizito cha kijivu, kimevutwa mpaka kinalia ukikipiga kwa kidole.

"Mama, humu hata inzi akitaka kutoka ataomba ruhusa," Cheche alisema siku moja, akiingiza kichwa.

"Ndiyo maana nimekwambia matundu mawili ya hewa," alijibu Rohojuu. "Moja chini karibu na sakafu, moja darini. Na moto humu ndani hauingii. Hata kiberiti."

Hilo alimwapisha mdogo wake mbele ya mashahidi. Daktari aliinua mkono wa kulia, akaapa, akacheka.

Wiki ya mwisho walimwagia chumba maji kwa mpira kuona kama kinavuja. Kilivuja mahali pamoja tu, kwenye tundu la darini. Cheche akasema ataleta kofia ya bati ya kulifunika kwa nje. Rohojuu, ili kitambaa kisilowe wakati wakisubiri, akaliziba kwa ndani kwa kipande cha povu na utepe. Siku mbili baadaye Cheche alileta kofia, akaipiga ribiti juu ya paa huku Rohojuu akiwa sokoni kununua sponji. Aliporudi akatazama paa, akaiona kofia imekaa vizuri, akaridhika. Akaingia ndani, akamalizia kuvuta kitambaa cha dari, ambacho upande wa tundu kilikuwa kimeshafunika.

Daktari aliondoka alfajiri ya Jumatatu, akipiga honi mpaka mwisho wa mtaa.

Saa nne asubuhi Rohojuu alikuwa akifagia uwanja. Masalio ya sponji aliyaweka gunia moja, vipande vya kitambaa gunia la pili. Chini ya vipande akakuta kifuko cha plastiki ambacho hakijafunguliwa. Ndani yake mlikuwa na kichungio cha duara, cheupe, na skrubu zake nne.

Alikishika. Akakigeuza. Kile ndicho kifuniko cha ndani cha tundu la darini, kinachofungwa juu ya kitambaa baada ya kitambaa kukatwa duara. Kama kiko hapa mkononi, basi kule darini kitambaa hakikukatwa. Na nyuma ya kitambaa kuna lile povu na ule utepe. Cheche alifunga kofia kwa nje akadhani yeye atalifungua kwa ndani. Yeye aliona kofia kwa nje akadhani Cheche amelifungua.

Akajisemesha kwa sauti, kama alivyozoea: tulia, tundu la chini lipo, na moto hana. Akampigia simu mdogo wake. Haipatikani. Akampigia mke wa mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alipokea kwa sauti ya chini kutoka darasani.

"Wifi, kuna nini tena?"

"Tundu la juu limezibwa. Akikupigia mwambie afungue mlango kidogo akilala. Unaweza kumpata?"

"Ameshatoka kwenye mtandao, wifi. Usijitie presha. Akisikia joto atafungua mwenyewe." Nyuma yake watoto walisikika wakisoma kwa pamoja. "Ila... wifi, usinigombeze. Nimempa lile jiko langu dogo la mkaa. Kule kuna baridi ya kuua. Alisema nisikwambie maana utampa hotuba."

Rohojuu aliona jiko jekundu katikati ya zile kuta alizozibana kwa mikono yake mwenyewe, ufa kwa ufa, na hakukuwa na ufa aliouacha. Alijua makaa yanavyoua. Hayatoi moshi, hayanuki, hayakuamshi. Mtu huona usingizi mtamu tu.

"Wifi? Upo?"

Simu alishaikata.

Sasa, mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akipiga kelele ana taabu moja kubwa: hata yeye mwenyewe hajui kelele ipi ni ya kweli. Rohojuu alisimama pale uani na kifuko mkononi, akijiuliza kama hii ni ile hofu yake ya kila siku au ni nyingine. Miaka minne nyuma aliwahi kumtuma Cheche mbio hospitali kwa sababu mdogo wake hakupokea simu, kumbe alikuwa akinyolewa. Mtaa mzima ulicheka mwezi. Kwa dakika chache aliwaza kurudi kwenye ufagio wake. Halafu akakumbuka mlango wa bafu, na yeye mdogo akigonga kwa adabu, akigonga, akisubiri.

Akavuka barabara akikimbia, na kandambili moja akaiacha katikati.

Cheche alikuwa na miwani ya kuchomelea usoni. Aliipandisha, akaanza kutabasamu. "Mama, nani amekufa leo?"

"Ulilifungua lile tundu kwa ndani?"

"La darini? Mimi? Si kazi ya ndani ni yako?" Tabasamu likaanza kushuka. "Si ulilifungua wewe?"

"Ana jiko la mkaa."

Cheche alizima mashine. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini alikuwa amefanya kazi na moto na gesi miaka ishirini, na hakuhitaji kuelezwa. Alivua glavu, akachukua ufunguo wa gari lake la kubebea vyuma, akamwambia msaidizi wake afunge karakana.

Safari ilikuwa ya saa tano. Gari la Cheche halikujua kukimbia; mlimani liliguna kama ng'ombe mwenye mimba, na Rohojuu alilisukuma kwa miguu yake miwili sakafuni. Njiani alipiga kila namba aliyokuwa nayo. Mwenye duka la mwisho kabla ya nyanda za juu alipokea.

"Daktari? Amepita hapa saa tatu na nusu, alinunua mkate na sabuni. Mzima kabisa, anacheka."

"Kaka yangu, nakuomba. Mtume mtu amfuate. Mwambie asiwashe jiko ndani ya gari."

"Sasa mama, mvua hii nimtume nani? Na jiko atawasha saa hizi kweli? Si mpaka usiku?"

Hilo ndilo lililompa nguvu kidogo. Mpaka usiku. Watafika kabla ya jua kuzama, watamkuta na kondoo wake, atawacheka mpaka ashike mbavu. Rohojuu aliomba achekwe. Hakuwahi kutamani kuchekwa kama siku ile. Aliipanga mpaka sentensi ambayo mdogo wake angeisema: "Dada, umepanda mlima kwa ajili ya kifuniko?"

Lakini walipokuwa wakipanda, ukungu uliteremka na mvua ikageuka nyembamba, ya baridi, ile inayopenya mpaka kwenye mifupa. Cheche aliwasha taa mchana. Rohojuu aliangalia ile mvua ikipiga kioo na akawaza jambo ambalo hakutaka kulitamka: mtu aliyelowa mvua ya namna hii, mtu aliyewahi kuugua mapafu, hangojei usiku ndipo aote moto.

Walifika saa kumi na robo. Zizi la mawe, kondoo wamejikunyata wamegeuzia mvua mgongo, wengine na alama ya rangi ya bluu kichwani, wengine bado. Mzee mchunga kondoo alitoka chini ya turubai.

"Daktari yuko wapi?" Rohojuu aliuliza kabla gari halijasimama.

"Yuko kwenye nyumba yake," mzee alisema, akionyesha kwa kidevu. "Alilowa chapachapa. Kasema anakausha nguo, mvua ikipungua tuendelee. Ni saa nzima sasa, nadhani kapitiwa na usingizi."

Pikapu ilisimama hatua hamsini kutoka zizini. Chumba cha kijivu, kimya, mlango umefungwa. Kioo cha dirisha kilikuwa kimetoka jasho kwa ndani, cheupe chote.

Rohojuu alikimbia kwenye tope, akaanguka, akaamka. Akagonga mlango kwa ngumi mbili. "Fungua! Mimi dada yako, fungua!" Akaweka sikio. Alisikia mvua juu ya bati na moyo wake mwenyewe. Alivuta kitasa. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani, lile komeo la chuma alilolichagua yeye ili wezi wasimsumbue mdogo wake.

Hakugonga tena. Aliokota jiwe kubwa kwa mikono miwili, akazunguka ubavuni, akalipiga dirisha. Kioo cha basi ni kigumu, jiwe liliruka. Akapiga mara ya pili, akilia bila kujua kwamba analia, na mara ya tatu kioo chote kikameguka chembechembe na joto likampiga usoni, joto zito kama la mdomo wa tanuri. Cheche alikuwa ameshafika na mtaimbo. Aliupenyeza kwenye ukingo wa mlango, akaulalia kwa uzito wake wote, na komeo likakatika.

Daktari alikuwa amelala ubavu kitandani, kifua wazi, uso mwekundu kama mtu aliyetoka kukimbia. Pembeni yake jiko la mkaa lilikuwa bado jekundu, na shati lake limetandazwa juu ya kiti mbele ya makaa, kavu kabisa. Alikuwa ametapika kidogo kwenye mto. Walimvuta kwa miguu mpaka nje, wakamlaza kwenye majani, mvua ikimnyeshea machoni.

"Anapumua," alisema Cheche. "Mama, anapumua. Kidogo, lakini anapumua."

Rohojuu alimpiga makofi mashavuni, akamwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mtu mwingine aliyelijua. Aliita muda mrefu. Mzee alileta blanketi. Mwishowe macho yakafunguka nusu, yakamtazama bila kumtambua.

"Kichwa," alisema Daktari, na akatapika tena.

Walimpakia kwenye gari la Cheche, madirisha yote wazi, Rohojuu amempakata kiti cha nyuma huku akimfinya kila alipofumba macho. Pale penye duka la mwisho palikuwa na zahanati, na zahanati ilikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni. Muuguzi alimvisha barakoa ya hewa, akatazama saa.

"Mngechelewa nusu saa hivi..." alisema, akaendelea na kazi yake.

Rohojuu aliketi sakafuni mwa zahanati, mgongo ukutani, nguo zikimchuruzika maji. Cheche alimvisha koti lake lililojaa matundu ya cheche, akaketi kando yake.

Daktari alipona, ila si mara moja. Mwezi mzima alisahau maneno madogo. Alitaka kusema kijiko akasema ufunguo. Siku ile haikurudi kabisa kichwani mwake. Alikumbuka mkate na sabuni, na baada ya hapo akakumbuka taa ya zahanati. Tundu la chini, walilikuta limezibwa kwa soksi. Daktari alikuwa ameiweka kuzuia vumbi la barabarani. Mkewe alilia mbele ya Rohojuu, akaomba msamaha kwa ajili ya jiko. Rohojuu alimwambia, "Wifi, jiko ni lako, tundu ni langu, soksi ni yake. Tugawane." Lakini mwenyewe hakugawana. Kila alipoushika mkasi aliiona ile dari ya kijivu, imevutwa vizuri, haina hata kunyanzi.

Pikapu ilisimama uani miezi minne chini ya turubai. Alipita kando yake kwenda kuanika nguo na hakuitazama. Ni Daktari aliyekuja kulivua turubai.

"Dada, kondoo hawangoji," alisema. "Nitakwenda. Ama na hiki chumba ukikirekebisha, ama kwenye kiti cha dereva. Chagua."

"Hujaogopa?"

Alifikiri kabla ya kujibu, jambo ambalo zamani hakulifanya. "Nimeogopa. Ndiyo maana nataka ukirekebishe wewe. Mwingine sitamwamini."

Kwa hiyo akarudi ndani. Alichana kitambaa cha dari kwa wembe, akang'oa utepe na lile povu. Alikata matundu makubwa mara mbili ya yale ya kwanza, na safari hii akayafunika kwa wavu wa chuma usiozibika, ambao Cheche aliuchomelea pande zote mbili, nje na ndani, wakiwa wote wawili wanatazama. Alinunua kile kidude kinacholia hewa ikiingia sumu, akakifunga usawa wa mto. Komeo alilibadilisha, akaweka linalofunguka pia kwa nje.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea kwake. Mchana wa Jumamosi moja, jua limewaka, alimwambia Cheche asimame nje na mtaimbo, akaingia, akafunga mlango, akalala kitandani.

"Mama, nikuite kila baada ya dakika ngapi?"

"Usiniite. Nikinyamaza saa nzima, subiri."

Ilikuwa saa ndefu kuliko zote. Alitazama mlango na mlango ukawa ule mwingine, wa mbao, wa bafuni, na safari hii yeye ndiye aliye ndani. Mara tatu mkono ulielekea kwenye komeo, mara tatu akaurudisha kifuani. Alilala akiisikiliza pumzi yake, akahesabu mishono ya ukuta mmoja, akahesabu ya ukuta wa pili. Hewa ya nje ilimpita usoni, nyembamba, ikinuka rangi na vumbi la mtaa, ikatokea juu. Aliifuata kwa macho kana kwamba inaonekana. Hofu haikumtoka. Alilala nayo tu, wote wawili, mpaka saa ikaisha.

Alipotoka, blauzi ilikuwa imemgandia mgongoni. Cheche alikuwa amesimama palepale, mtaimbo begani, naye amelowa jasho vilevile.

Daktari alikwenda nyanda za juu wiki iliyofuata, na nguo tatu za sufu badala ya jiko. Siku zote kumi na mbili Rohojuu hakulala vizuri, na hakuna aliyemcheka. Siku ya kumi na tatu pikapu iliingia uani mchana, imejaa tope mpaka kwenye vioo. Daktari alishuka, pua imeungua kwa jua, akitaka kumkumbatia. Rohojuu alimpita, akafungua mlango wa nyuma, akanusa, akatazama juu, akatazama chini, akakaa kitako kwenye ukingo wa kitanda kilichojaa manyoya ya kondoo.

"Umelala humu na viatu," alisema, na akaanza kukung'uta shuka.